Dodoki la Mama Mkwe na Msitu wa Arminius

"Mama Idrisa, dodoki langu nimeliweka wapi?"

Sauti ya mama mkwe ilitoka bafuni, maji yameshaanza kumwagika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nami nilikuwa jikoni nachuja chai. Nikageuka nikaitazama meza ya kulia. Pale juu ya kitambaa cha kijani, dodoki la mama lilikuwa limesimama vipande ishirini na kitu, kila kipande kimepakwa rangi ya majani na kugandishwa kwa gundi kwenye kijiti. Dodoki limekuwa msitu.

Halikuwa dodoki la dukani lile. Mama alilipanda mwenyewe kwenye ua wake Muheza, akaliacha likaukie papo hapo lilipotambaa, akalimenya, akakung'uta mbegu, akalifunga ndani ya kanga na kusafiri nalo hadi kwetu Osnabrück, kwenye baridi hii. Usiku uliotangulia nilimwambia mwanangu Idrisa atafute kitu chochote chenye matundu matundu, tupate miti mizuri ya mchezo wetu wa vita wa mezani. Nilifikiri atachukua sponji ya kuoshea vyombo. Yeye akaenda bafuni.

Nilimjibu mama kwa kumpelekea taulo na sponji mpya, na ukweli. "Mama, dodoki tumelikata. Kosa ni langu." Kimya. Maji yakafungwa. Baadaye akatoka na kanga yake, akaja mezani, akainama akautazama ule msitu kwa muda mrefu sana. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, hathubutu kuvaa cha pili.

"Na hawa watu wadogo ni nani?" mama akauliza.

"Ni Wagermani, bibi," Idrisa akamjibu taratibu. "Wenyeji wa huku, zamani."

"Wadachi?"

Kwa mama, aliyezaliwa Tanga na kukulia kwenye hadithi za wazee wa Tanga, neno hilo lina maana yake. Mdachi ni Mjerumani wa kikoloni, mwenye kiboko na mkonge. Ni mwenye vita vya mwaka 1914, nyuki walipowavamia askari wa Kihindi wa Mwingereza kwenye mashamba ya Tanga. Sikutaka mjukuu amjibu ndiyo kwa wepesi. Nikavuta kiti, mama akakaa, nikamweleza kwamba hawa ni wa miaka 2,000 iliyopita, wakati ambapo mkoloni alikuwa Mrumi na aliyetozwa kodi ni mtu wa msitu huu. Gavana wa Kirumi, Publius Quinctilius Varus, alikuja ng'ambo ya mto Rhine akaanza kuwahukumu kwa sheria za kwao na kuwadai malipo kama watu waliokwisha kushindwa.

"Kodi," mama akasema. Akalirudia. "Kodi katika ardhi yao." Akavuta kikombe chake cha chai karibu, na nikajua kwamba dodoki nimesamehewa, au angalau kesi imeahirishwa.

Mchezo wenyewe unaitwa De Bellis Antiquitatis. Ulitungwa Uingereza na ulitoka mwaka 1990, na sifa yake ni kwamba jeshi zima linaenea kwenye boksi la viatu. Kila upande una vibao 12 tu, upana wa kila kimoja sentimita 4, na juu ya kibao wamesimama askari wa bati wenye kimo cha milimita 15. Uwanja ni wa sentimita 60 kwa 60. Idrisa aliingia katika mambo haya kupitia Rome: Total War, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2004 aliourithi kwa baba yake. Mle ndani wapiga mikuki wa Kigermani hujipanga ukuta wa mikuki mirefu kama Wagiriki. Naukataa mpango ule kabisa. Umemfundisha mtoto kwamba Mgermani alishinda kwa kusimama uwandani bila kuyumba, na mtu akija na fikra hiyo kwenye meza yetu atazikwa nayo.

Nilizikwa nayo mimi mara sita. Idrisa alichukua Warumi, mimi nikabaki na Wagermani kwa kuwa hakuna mwingine aliyewataka, na kila Jumapili nilitandaza watu wangu safu moja ndefu, nikawaendea Warumi wake katikati ya uwanda. Hesabu haidanganyi. Askari wa lejioni, yaani wa miguu wa Kirumi, anapopigana na mtu wa miguu huanza na alama 5. Mgermani huanza na 3, na akiwa na kibao cha wenzake nyuma yake hupata 4. Kila upande huongeza namba ya bahati, 1 hadi 6. Ukipanga safu nyembamba umejinyima ile alama ya mgongoni. Ukipanga safu nene umekuwa mfupi, na farasi wa Kirumi wanakuzunguka ubavuni. Na kibao kilichoguswa ubavuni hakina pa kurudi. Kikisukumwa, kimekwisha.

Lakini ndani ya kanuni hizo hizo kuna siri moja, na nilichelewa kuiona. Mgermani akiizidi lejioni hata kwa alama moja, lejioni inatoka mezani papo hapo. Lejioni ikimzidi yeye kwa alama moja, yeye hurudi nyuma tu hatua moja na kujipanga upya. Hufa pale alama za Mrumi zinapofikia mara mbili ya zake. Maana yake watu hawa wameumbwa kwa pigo moja zito. Mabavu ya kusukumana asubuhi hadi jioni hawanayo. Wape mahali ambapo pigo hilo litamkuta adui amebanwa, na ubavu wao umefichwa, basi wametosha.

Mahali hapo nilipaona kwa macho yangu. Kalkriese iko kama kilomita 20 kutoka kwetu. Mwaka 1987 mwanajeshi wa Kiingereza, Tony Clunn, alipita huko na kipima madini chake akaokota sarafu za fedha za Kirumi na risasi za kombeo, na tangu hapo wataalamu wengi wanaamini kwamba ndipo Wagermani wa Arminius walipolimaliza jeshi la Varus mwaka 9 baada ya Kristo. Tulikwenda mwezi wa tisa, mvua inanyunya. Upande mmoja una kilima chenye miti, upande wa pili ulikuwa kinamasi, na katikati ujia. Nilisimama pale nikapanua mikono kama mtu anayepima kitambaa. Lejioni tatu, ya 17, ya 18 na ya 19, na mikokoteni, na wanawake na watoto waliofuata jeshi, wote walitakiwa kupita kwenye mlango huo mwembamba wakati upepo unavuma na ngao zimelowa maji.

Katika jumba la makumbusho watu hujazana mbele ya kinyago cha chuma cha askari wa farasi, kilichowahi kufunikwa kwa fedha. Mimi niliganda mbele ya nyumbu. Mifupa ya nyumbu, na kengele yake ya shingoni. Kengele ile ilikuwa imesokomezwa majani ndani ili isilie. Mtu fulani, katika hofu yake, aliinama njiani akang'oa majani akaziba kengele ya mnyama, wapite bila kusikika. Tangu siku hiyo siwezi kuwatazama askari wa bati wa mwanangu kama vidude. Na tangu siku hiyo nilijua kwamba meza yetu haina vita vya kweli bila msitu wa kweli.

Kwenye mchezo huu anayeshambuliwa ndiye anayepanga ardhi. Hiyo ndiyo haki ya kwanza ya Mgermani, nami nilikuwa nikiitupa kwa kuweka vipande viwili vya kadibodi vilivyoandikwa "msitu" kwa kalamu. Lejioni ikiingia msituni hupoteza alama 2. Mgermani hapotezi hata moja. Kwa hiyo pamoja na dodoki nilitaka mpaka unaoonekana, ili Idrisa asiniambie tena kwamba kibao chake kiko nje kwa unene wa kucha.

Mama mkwe ndiye aliyeona kasoro. "Msitu gani huu hauna chini?" akauliza. "Miti imesimama kama nguzo za simu. Vichaka viko wapi? Majani yaliyooza yako wapi?" Akachukua chujio langu la chai, akakung'uta machicha yote kwenye sinia, akaagiza yakaushwe. Tukayaweka kwenye oveni. Sasa chai ya mama ni chai ya viungo, ina iliki, ina tangawizi, ina mdalasini, na yale machicha yalipoanza kukauka nyumba nzima ilinukia Idi. Tukajisahau tukiinusa. King'ora cha moshi ndicho kilichotuamsha, kikapiga kelele hadi mume wangu akapanda kwenye kiti na ufagio, kile kiatu kimoja bado mguuni. Nusu ya machicha iliungua. Nusu iliyobaki ilitosha. Mama akainyunyiza kwa vidole chini ya miti, polepole, kama anayetia chumvi, na kila alipopita pakawa msitu.

Likabaki suala la dadu. Mama alisema kwa upole lakini bila kuzungusha kwamba dadu hazitarushwa mbele yake, kwa sababu ya dini, na mimi sikuwa na la kubisha. Idrisa akakata vipande sita vya karatasi, akaandika 1 hadi 6, akavikunja, akavitia kwenye kikombe cha kahawa. Mdogo wake Zuhura, wa miaka saba, ndiye angechomoa kwa kila upande na kurudisha.

Jumapili baada ya chakula tukaanza. Shemeji yangu alikuwa amefika kutoka Hamburg, amekula wali wa nazi sahani mbili, akavuta kiti karibu kabisa na meza. Mama alikaa nyuma yangu. Nilipanga misitu miwili mikubwa ikiacha ujia katikati, na kilima kidogo upande wa kulia. Wagermani wangu niliwaweka mapema ukingoni mwa miti. Hilo nalo ni jambo la kuzingatia, kwa sababu kila zamu namba unayochomoa ndiyo idadi ya amri zako, na kundi lililoshikana husogea kwa amri moja. Ukiwaingiza msituni kwa kuchelewa, kundi hukatika, na ukichomoa 1 utasogeza kibao kimoja wakati kumi wanasubiri. Wenye farasi niliwaficha nyuma ya kilima. Wagermani walikuwa hodari wa farasi kuliko watu wanavyodhani. Mfalme wa Wasuebi, Ariovistus, mwaka 58 kabla ya Kristo, alikuwa na wapanda farasi ambao kila mmoja alikimbia na mtu wa miguu aliyeshika manyoya ya shingo ya farasi ili asiachwe. Caesar, jemadari wa Kirumi, alivutiwa nao kiasi kwamba baadaye aliwaajiri Wagermani wampiganie Gaul.

Zamu tatu za kwanza sikufanya kitu. Nisikilizwe hapa: kutofanya kitu ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mwenye Wagermani. Mikono inawasha. Idrisa alikuwa anasogeza lejioni zake kwenye ujia, mbili mbili, amenyooka, na mimi nakaa.

Safu yake ilipofika usawa wa kilima nikatoka, vibao viwili kwa kina, pigo moja. Zuhura akanichomolea 6. Nne na 6 ni 10. Idrisa, 5 na 2, ni 7. Lejioni ya kwanza ikatoka mezani. Na papo hapo nyuma ya shingo yangu mama mkwe akapiga kigelegele kirefu, cha harusi, jirani wa juu akagonga sakafu.

Ule mchezo wa kompyuta una kikosi cha wanawake wa Kigermani wanaopiga mayowe, umewachora kama wachawi. Tacitus, Mrumi aliyeandika juu ya watu hawa mwaka 98, anaeleza kwamba walipigana familia kwa familia, na sauti za wake na mama zao zilisikika karibu nyuma yao, na wanaume walizithamini kuliko sifa nyingine yoyote. Niliposikia kigelegele kile nilielewa. Mtu asiyejua kigelegele ataandika kwamba ni mayowe.

Nikaangusha lejioni ya pili, kisha farasi wake mmoja. Tatu kwa sifuri. Anayepoteza vibao vinne ndiye ameshindwa, na nilihitaji kimoja tu.

"Shemeji," ami yake Idrisa akasema huku akinyoosha kidole, "kambi yake iko wazi kule nyuma! Unangoja nini? Ingia, uchukue kila kitu!"

Kambi ilikuwa wazi kweli. Nikatoka msituni. Nikapeleka farasi wangu na vibao viwili vya miguu uwandani, moja kwa moja kambini, na Idrisa akasubiri nivuke nusu ya njia. Zuhura akamchomolea 5. Idrisa akatumia amri zote tano. Viwili vikaguswa ubavuni, cha tatu kikakutana na lejioni mbili peke yake. Kwa zamu mbili tu ikawa tatu kwa tatu, na shemeji akaegemea kiti bila neno.

"Mama," Idrisa akasema, na haikuwa kejeli, alikuwa ameumia kwa niaba yangu, "umefanya kama Inguiomerus." Akatueleza. Mwaka 15, miaka sita baada ya Varus, Arminius, wa kabila la Wakeruski, alikuwa amelibana jeshi jingine la Kirumi, la Caecina, kwenye mabwawa. Siku moja kabla, watu wake walikuwa wameacha kupigana wakaingia kupora mizigo, na Warumi wakapata pumzi. Sasa Arminius akashauri wawaache Warumi watoke kambini, wawapige wakiwa njiani kwenye tope. Ami yake, Inguiomerus, akasema hapana, tuvamie kambi, mateka wengi na nyara nzima. Watu wakamfuata ami. Warumi wakawangoja wapande boma, wakafungua malango, wakawashukia. Inguiomerus mwenyewe aliondoka na jeraha kubwa.

"Ami yake," mama mkwe akasema, akamtazama mwanawe mdogo.

"Nimesikia, mama," shemeji akajibu.

Nikawarudisha waliobaki msituni. Kibao kimoja kimoja, chini ya miti ya dodoki, juu ya majani ya chai. Idrisa naye sasa alikuwa anahitaji kimoja tu, na kimoja kilikuwa karibu sana, kimekaa hatua chache ndani ya ukingo. Nilimwona akipima kwa macho. Nilimwona akijua kwamba haifai. Akaingia.

Lejioni 5. Msitu umeondoa 2, zimebaki 3. Kibao changu kingine kilikuwa kimejipanga bega kwa bega na yule aliyeshambuliwa, kikiizidi lejioni upande wa kushoto, hivyo ikapungua 1 nyingine, zikabaki 2. Mimi 3, bila msaada wa nyuma. Zuhura akachomoa karatasi ya kaka yake: 4. Akairudisha, akatikisa kikombe kwa mikono miwili, akachomoa yangu: 4. Namba ile ile. Sita kwa saba. Uwandani, hata ningekuwa na wenzangu nyuma, 4 kwa 4 ingekuwa tisa kwa nane na mimi ndiye ningerudi nyuma. Hapa miti na yule wa ubavuni ndiyo iliyokuwa tofauti yote. Idrisa mwenyewe akanyoosha mkono, akaitoa lejioni yake mezani, akaiweka ndani ya boksi.

Mama hakupiga kigelegele mara hii. Alikuwa amemshika kamanda wangu wa bati kati ya vidole viwili, yule mwenye joho jekundu, anamgeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu Arminius wenu," akasema, "mke alikuwa naye?"

Idrisa akatazama kwangu. Nikamwambia amweleze bibi yake. Alikuwa naye, Thusnelda. Baba yake, Segestes, alikuwa amemposesha kwa mtu mwingine, Arminius akamtorosha. Ni Segestes huyo huyo aliyemwonya Varus kwamba kuna njama, na Varus hakumwamini, kwa kuwa Arminius alikuwa raia wa Roma na alikula naye meza moja. Miaka sita baadaye Thusnelda akaangukia mikononi mwa baba yake akiwa mjamzito, na baba akamkabidhi kwa Warumi.

"Baba mzazi?"

"Baba mzazi, bibi. Alijifungua mtoto wa kiume huko huko. Mwaka 17 walipitishwa Roma kwenye maandamano ya ushindi, yeye na mtoto, na Segestes yuko hapo anatazama."

"Na mumewe?"

"Hakuwaona tena. Ndugu yake mwenyewe, Flavus, alibaki jeshini kwa Warumi. Na mwishowe Arminius aliuawa na jamaa zake."

Mama akanyamaza. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya huku isiyo na sauti. Shemeji akainuka akaanza kukusanya sahani bila kuombwa. Mama akainama juu ya meza, akatenganisha miti miwili ya dodoki lake kwa kidole, akamweka yule kamanda ndani kabisa, mahali ambapo machicha ya chai yalikuwa mengi, akairudisha miti ikafunga.

"Akae humu," akasema.

Idrisa alipokuja kukusanya askari usiku, alimwacha.